Kutafuta Taarifa za Vifo vya Wazee kwa Njia ya Intaneti: Maelezo kwa Wakazi wa Delta ya Rufiji na Kibiti

Tangazo la kifo ni maandishi mafupi, lakini hubeba mambo mengi. Hutaja jina la marehemu, mahali alipofia na siku ya mazishi, na mara nyingi huwataja wanawe, ndugu zake na miji wanamoishi. Kwa sababu hiyo matangazo ya zamani ni hazina kwa kila anayetafuta nasaba yake. Siku hizi vijana wengi wa delta ya Rufiji na Kibiti huanza kazi hiyo kwa simu ya mkononi. Huandika jina la babu katika intaneti, wasipate kitu, wakakata tamaa. Maelezo haya yanakusudiwa kuwafahamisha wananchi na watumishi wa umma kwa nini hali huwa hivyo, na ni wapi pa kutafuta.

KWA NINI MAJINA MENGI HAYAMO

Intaneti haina kumbukumbu ila zile zilizoandikwa na mtu, zikahifadhiwa, kisha zikanakiliwa. Frederick Selous, mwindaji na askari wa Kiingereza, aliuawa Beho Beho, kaskazini ya Mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917. Magazeti ya kwao yaliandika habari za kifo chake, na leo husomwa bila taabu. Katika vita hiyo hiyo wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maelfu kwa maradhi, njaa na uchovu. Mwezi Aprili 2021, Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya askari wa vita kuu mbili za dunia, ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Aidha, sheria ya kikoloni ya usajili wa vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika kuandikisha vifo vyao. Kwa miaka mingi baadaye habari za misiba zilifika vijijini kwa matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na tangazo la redio likishasomwa limepita. Hivyo basi, mtu asipoliona jina la mzee wake katika intaneti asidhani kwamba ukoo wake hauna historia. Inampasa aanze mahali pengine.

KUANZIA NYUMBANI

Hatua ya kwanza ni kuwauliza wazee walio hai na kuandika wanayoyasema: jina la marehemu, la baba yake na la babu yake, lakabu yake, kijiji alichozikwa na jambo kubwa lililotokea karibu na siku hiyo, kama vile mafuriko au njaa. Nyumba nyingi zina msahafu au kitabu cha zamani ambacho kurasa zake za mwanzo ziliandikwa tarehe za kuzaliwa na kufariki. Tarehe hizo kwa kawaida ni za Hijiria, na mwaka wa Hijiria ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko mwaka wa Miladia. Kwa mfano, mwaka 1360 wa Hijiria ulianza mwishoni mwa Januari 1941. Asiyelizingatia hilo atatafuta katika mwaka usiohusika.

Majina nayo yataka uangalifu. Mtu mmoja aweza kuandikwa Mohamedi katika daftari moja, Mohamed katika la pili na Muhammad katika la tatu. Yafaa kuyajaribu yote. Hali kadhalika majina ya mahali. Mohoro iliandikwa Mohorro na Wajerumani. Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika miaka ya 2010, kwa hiyo marehemu wa Salale, Msala, Mbuchi au Bungu wa miaka ya nyuma ataonekana chini ya Rufiji. Tena, baada ya mafuriko ya mwaka 1968 wakazi wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Makaburi ya wazee yalibaki bondeni, na jina la kijiji cha zamani huenda halimo katika ramani za leo.

OFISI NA MAKTABA

Hatua ya pili ni ofisi za usajili. Kwa Tanzania Bara, kazi hiyo ni ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ulioanzishwa mwaka 2006 na unaowahudumia wananchi katika wilaya zao. Mtu wa delta aliyefia Unguja au Pemba, kama walivyokuwako waliosafiri na majahazi ya boriti, hatafutwi RITA. Huyo hutafutwa katika Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2018.

Hatua ya tatu ni magazeti na majalada. Jarida la Mambo Leo, lililotolewa na serikali mjini Dar es Salaam kuanzia mwaka 1923, lilichapisha habari na barua kutoka wilayani, na humo majina ya watu wa kawaida hupatikana. Magazeti ya zamani yamehifadhiwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na majalada ya tawala za Wajerumani na Waingereza yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

NDIPO INTANETI

Mwenye jina katika sura zake zote, tarehe ya kukadiria na kijiji sahihi ndiye atakayefaidika na intaneti. Aandike jina pamoja na neno "tanzia", "taazia" au "marehemu", na jina la mahali. Kwa ndugu waliohamia Omani au Uingereza atumie pia lugha za huko. Akipata tangazo alinakili na kulichapa, pamoja na tarehe na mahali alipolipata, kwa kuwa taarifa za intaneti huondolewa bila kutangazwa. Jina kufanana si ushahidi. Lazima baba, kijiji na mwaka vilingane. Inashauriwa pia kutobandika hadharani namba za vitambulisho au vyeti vya marehemu.

WAJIBU WA SASA

Jambo hili haliwahusu wapenda historia peke yao. Mirathi ya minazi, mikorosho na nyumba husimama mahakamani kwa kukosekana cheti cha kifo. Mwanafunzi yatima anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha mzazi wake kilichohakikiwa na wakala husika.

Kwa mujibu wa sheria ya Tanzania Bara, kifo kitolewe taarifa katika muda wa siku 30. Familia nyingi huishia kwenye kibali cha mazishi, zikidhani kwamba hicho ndicho cheti. Sivyo. Kibali huruhusu maziko, na cheti hutolewa baada ya kifo kusajiliwa. Maofisa Watendaji wa Vijiji na Kata wanakumbushwa kuwaeleza wafiwa tofauti hiyo mapema, hususan katika visiwa vya delta ambako safari ya kwenda Kibiti hutegemea maji kujaa na nauli ya boti.

Wapagazi wa mwaka 1917 hawakuwa na mtu wa kuwaandikia. Wanaofariki leo wanaye, nayo ni familia yenyewe, ikifika ofisini ndani ya siku hizo 30.