Mbwa wa Shamba Hufundishwa kwa Mlio, si kwa Bakora

Mwezi uliopita mkulima mmoja wa skimu ya makazi ya Mtwapa alivuka daraja la Nyali akaja ofisini kwetu kisiwani kuuliza dawa ya tumbili. Katika mazungumzo ikaonekana kwamba mbwa anaye, tena mwenye nguvu, lakini akiwaona tumbili huwakimbiza mpaka shamba la jirani, na akiitwa harudi. Siku moja aliporudi alichapwa bakora. Tangu hapo akiitwa husimama mbali kabisa.

Bwana huyu hakujua kuwa amemfundisha mbwa wake jambo moja barabara, nalo ni kwamba kurudi kwa mwenyewe ni kupata kipigo. Mbwa hafahamu kuwa anapigwa kwa kosa la nusu saa iliyopita. Adhabu na zawadi huzifungamanisha na kile anachokifanya wakati ule ule. Mtoto wa darasa la kwanza waweza kumweleza, mbwa huwezi.

Kwa sababu hiyo wafundishaji wa wanyama hutumia kidude kidogo chenye kibati ndani, ambacho kikibonyezwa hulia "tak!" Njia hii ilianzwa Marekani miaka ya 1940 na Keller Breland na mkewe Marian, waliokuwa wanafunzi wa bingwa B. F. Skinner. Karibu na kwetu, huko Morogoro, Tanzania, panya buku hufundishwa hivyo kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Ikiwa panya aweza, mbwa wa Mtwapa atashindwaje?

Kidude si lazima ununue. Kifuniko cha chupa ya jamu, kile ambacho katikati yake hubonyea na kurudi, chatosha. Andaa vipande vya dagaa au nyama, kila kimoja kama punje ya hindi. Siku ya kwanza usimwamrishe neno lolote. Kabla hajala chakula chake, bonyeza, mpe, bonyeza, mpe, mara kumi na tano hivi. Akianza kukutazama mara asikiapo mlio, amekwisha elewa kwamba mlio ni ahadi. Ahadi hiyo usiivunje: kila mlio na kipande chake, hata ukibonyeza kwa makosa.

Sasa mfundishe kukaa. Shika kipande juu ya pua yake ukisogeze nyuma polepole. Kichwa kitainuka na matako yatashuka. Yanapogusa chini tu, bonyeza, ndipo umpe. Ukichelewa, naye ameshainuka, umemfundisha kuinuka! Hapa ndipo wengi hukosea. Neno "Kaa" huja baadaye, anapokuwa anakaa bila kusitasita. Dakika tano asubuhi na tano jioni zatosha.

Kumwita nako anzia uani, hatua mbili tatu tu. Bonyeza anapogeuka kukujia, kisha mpe afikapo. Akizoea, nenda shambani, halafu penye kelele za kuku, na mwisho kabisa penye tumbili. Kamwe usimwite ili umpige.

Wapo wenye mashamba bara wanaokaa Mji wa Kale, nao huniuliza habari ya unajisi. Mimi pia ni mkaazi wa huko, na katika vichochoro vyetu mbwa hafugwi. Mbwa wa kulinda shamba au mifugo ameruhusiwa. Taabu ni mate yake. Basi njia hii inawafaa sana watu hao, kwa kuwa mlio humfikia mbwa mahali alipo, na kipande waweza kumtupia chini bila kumgusa.

Amri ikishamkaa vizuri, kidude kiweke kando. Mpe kipande mara moja moja tu. Na chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka, usiisahau.

Yule bwana wa Mtwapa nilimshauri aliache neno "Njoo," maana kwa mbwa wake limekwisha haribika, achague jingine ambalo halijawahi kuandamana na bakora. Amechagua "Rejea." Ameanza uani, hatua tatu, na mfuko wa dagaa.