Kwa Nini Merikebu Ilikatika Bandarini?



Usiku wa tarehe 16 Januari, 1943, merikebu mpya ya kuchukulia mafuta, jina lake Schenectady, ilikuwa imefungwa gatini huko Portland, Marekani. Maji yalikuwa shwari, wala hapakuwa na dhoruba. Ghafula ukasikika mshindo mkuu, na merikebu ikakatika katikati.

Wengi walilaumu kulehemu. Zamani mabamba ya merikebu yaliungwa kwa ribiti, na mara nyingi ufa ulioanza katika bamba moja ulikoma ukingoni mwake. Lakini kulehemu huyafanya mabamba yote kuwa kitu kimoja, hata ufa hupata njia ya kupita toka ubavu huu mpaka wa pili.

Walakini Bibi Constance Tipper, mtaalamu wa Cambridge, alionyesha kwamba chuma chenyewe kilikuwa na ila. Katika joto kilipindika kabla ya kukatika; katika baridi kilivunjika kama kioo. Dosari za kulehemu, na pembe kali za milango ya shehena katika merikebu nyingine za vita ile, zilikuwa mahali pa ufa kuanzia tu.

Baadaye pembe zile zilifanywa za mviringo, na chuma cha merikebu kikapunguzwa kaboni na kuongezwa manganisi.

Basi, fundi asitosheke na uzuri wa kiungo. Aulize pia: chuma hiki ni cha namna gani, nacho kitatumika katika baridi gani? Kiungo kizuri hakiwezi kukiokoa chuma kibaya.