Maziwa ya Mtamba Asiyezaa

Kwa wafugaji wengi wa Tabora, hakuna anayemwendea ng'ombe wa asili na kibuyu bila ndama. Ndama huachiwa anyonye kidogo, kisha hufungwa karibu na miguu ya mbele ya mama yake ili amlambe huku akikamuliwa. Ndama asipokuwepo, ng'ombe hubana maziwa. Kinachoyashusha ni oksitosini, homoni inayotoka kwenye ubongo na kukifikia kiwele kwa njia ya damu. Jamii kadhaa za wafugaji Afrika Mashariki, ndama akifa, huijaza ngozi yake nyasi na kumwekea mama ainuse. Hiyo nayo ni elimu ya homoni, ingawa haina cheti.

Oksitosini, hata hivyo, hushusha tu maziwa yaliyokwisha kutengenezwa. Kuyatengeneza ni kazi ya mimba: homoni za estrojeni na projesteroni hujenga kiwele miezi yote ile, halafu siku za kuzaa projesteroni hushuka, na homoni nyingine, prolaktini na kortisoli, huyaanzisha maziwa. Mwaka 1973, watafiti Smith na Schanbacher wa Marekani waliifupisha safari hiyo kwa sindano. Waliwadunga ng'ombe wasio na mimba estrojeni na projesteroni kwa siku 7 tu, na wiki chache baadaye wakawakamua. Si wote walioitika.

Mbinu hiyo huwafaa watafiti wenye haraka. Huko Nyuzilandi, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 kuhusu ng'ombe waliobadilishwa vinasaba ili maziwa yao yawe na protini ya kaseini nyingi zaidi yalipatikana kwa kuwaanzishia mitamba maziwa kwa homoni, bila kungoja wapandwe na kuzaa.

Je, Tabora? Mtamba wa asili huku huweza kufikisha miaka minne kabla ya kuzaa mara ya kwanza, kwa hiyo kishawishi cha kuyapima maziwa yake mapema kwa sindano ni kikubwa. Lakini huko Mpwapwa ilichukua miaka mingi ya kupandisha na kuchagua kupata aina ya ng'ombe iliyopewa jina la mji huo. Sindano zisingewaokolea wataalamu wa huko muda mwingi katika kuchagua. Maziwa yanayoanzishwa kwa homoni kwa kawaida huwa machache kuliko ya ng'ombe aliyezaa, tena hutofautiana sana kati ya mtamba na mtamba. Yanaweza kuonyesha maziwa yana nini ndani yake. Hayamwonyeshi mfugaji ni mtamba yupi atakayejaza kibuyu kiangazi, nyasi zikikauka, ndama naye akidai fungu lake.