Neno "Bembea" na Jamaa Zake

Mtu akikaa juu ya ubao uliofungwa kwa kamba mbili katika tawi la mwembe, akasukumwa, akaenda mbele na kurudi nyuma, husemwa kwamba anabembea. Kifaa chenyewe nacho huitwa bembea, na wengine hutamka pembea. Huko Unguja, siku za Idi, watoto hukusanyika viwanjani kuzipanda.

Lakini neno hili halifai kwa kila kitu kiendacho huku na huko. Jahazi likipigwa na mawimbi huyumba. Kibuyu kilichotundikwa huning'inia, hata kikiwa kimetulia kabisa. Tawi jembamba lililolemewa na matunda huwayawaya. Tofauti hizi si mapambo ya lugha tu. Abiria akiambiwa kwamba jahazi linabembea, atacheka. Akiambiwa kwamba linayumba, atashika ubao. Kadhalika mtu ayumbaye katika shauri hana msimamo, wala haaminiki.

Katika kubembea mna raha na utaratibu, kwa kuwa kilichokwenda hurudi. Karibu na neno hili lipo bembeleza. Mama humbembeleza mtoto kwa kumpakata, kumtikisa polepole na kumwimbia mpaka alale. Mwenye haja naye humbembeleza mwenye mali, yaani humwomba kwa maneno laini.

Basi mwalimu asahihishapo insha, na mfasiri atafutapo neno, yafaa kwanza watazame kitu chenyewe kinavyokwenda: kwa raha, kwa hatari, au kwa kulemewa. Hapo neno la haki litajitokeza.