Pumzi hurudi kabla ya kano: Safari ya kurejea mbio za milimani baada ya jeraha

Na MWANDISHI WETU

KILIFI

MWANARIADHA anayeuguza jeraha la mguu hukabiliwa na kipindi chenye hatari kubwa kuliko hata siku ile aliyoumia. Ni kipindi anachoanza kujihisi mzima. Pumzi imerejea, moyo unapiga kwa utaratibu, mapaja yamepata nguvu, na usingizi wa asubuhi umemwisha kwa hamu ya kutoka mbio. Kumbe ndani ya kisigino au goti kazi ya ukarabati ingali nusu njia.

Hapo ndipo wengi huumia mara ya pili, na jeraha la pili aghalabu huwa baya kuliko la kwanza. Kwa anayelenga mbio ndefu za milimani, ambazo humweka mtu njiani kwa saa kumi, ishirini au hata arobaini, kosa hilo linaweza kumgharimu msimu mzima, na pengine mchezo wenyewe.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali huwa hivyo, na jinsi mkimbiaji wa Kilifi, Malindi au Watamu, anayeishi karibu na usawa wa bahari, anavyoweza kujiandaa upya kwa busara.

Mbio zenyewe ni zipi?

Mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195 za marathoni huitwa ultramarathoni. Zile za milimani huongeza mzigo wa pili, nao ni kupanda na kushuka. Mashindano ya UTMB, yaliyoanzishwa mwaka wa 2003 katika mji wa Chamonix, Ufaransa, huzunguka Mlima Mont Blanc kupitia Italia na Uswisi. Masafa yake ni takriban kilomita 170, na mshiriki hupanda jumla ya mita zipatazo 10,000 kabla ya kufika utepeni. Hiyo ni karibu mara mbili ya kimo cha Mlima Kilimanjaro, ambao una mita 5,895.

Inafaa kukumbukwa kwamba hata historia ya mbio hizi ina jeraha ndani yake. Mwaka wa 1973, Mmarekani Gordy Ainsleigh alishindwa kumaliza mashindano ya farasi ya maili 100 katika milima ya California kwa sababu farasi wake alichechemea. Mwaka uliofuata aliamua kuifuata njia hiyo hiyo kwa miguu yake mwenyewe, akamaliza chini ya saa 24. Kutokana na ujasiri huo yalizaliwa mashindano ya Western States, yenye urefu wa kilomita 161.

Afrika Mashariki nayo ina wawakilishi wake. Simon Mtuy wa Tanzania, mzaliwa wa eneo la Kilimanjaro, amewahi kushiriki Western States, na mwaka wa 2006 aliupanda na kuushuka mlima wa kwao bila msaidizi wa kumbebea chakula wala maji kwa muda wa saa tisa na dakika chache. Katika mbio fupi zaidi za milimani, Mkenya Lucy Wambui Murigi alitwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 2017 na akautetea mwaka wa 2018.

Kwa upande wa Pwani, mwendo mrefu wa miguu si jambo geni. Mekatilili wa Menza, aliyeongoza upinzani wa Wagiriama dhidi ya utawala wa Mwingereza, alikamatwa mwaka wa 1913 na kupelekwa kizuizini magharibi mwa nchi. Mwaka wa 1914 alitoroka pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakarejea nyumbani kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita kupitia nyika na misitu. Hawakuwa wakishindania nishani, lakini walithibitisha kwamba kinachoamua safari ya aina hiyo ni kustahimili na wala si kasi.

Kwa nini mwili hudanganya

Chanzo cha udanganyifu tulioutaja ni kwamba viungo vya mwili haviponi kwa mwendo mmoja. Misuli hupata damu kwa wingi, na kwa sababu hiyo jeraha dogo la misuli huweza kupona kwa wiki chache. Moyo na mapafu, iwapo mgonjwa ataendelea kuogelea au kuendesha baiskeli, hupoteza uwezo kidogo tu na kuurudisha upesi.

Kano, yaani zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, hupata damu kidogo mno. Kano ya kisigino iliyochakaa kwa mazoezi kupita kiasi huhitaji takriban miezi mitatu ya mazoezi maalumu, na mara nyingine zaidi ya hapo. Mfupa nao una tabia yake. Unapopata ufa mwembamba kutokana na kukimbia mno, mwili kwanza huondoa sehemu iliyochoka kabla ya kujenga mpya. Kwa hiyo kuna wiki kadhaa ambapo mfupa unaotibiwa huwa dhaifu hata kuliko ulivyokuwa mwanzoni, ilhali maumivu yamekwisha kupungua.

Hebu fikiria gari lililowekewa injini mpya huku magurudumu yakiwa yale yale yaliyopasuka. Dereva akikanyaga mafuta kwa sababu injini inanguruma vizuri, hatafika mbali.

Funzo la daktari wa Sweden

Mojawapo ya tiba zinazotumiwa sana leo kwa kano ya kisigino ilitokana na subira ya kulazimishwa. Håkan Alfredson, daktari wa mifupa nchini Sweden, alikuwa mwenyewe anasumbuliwa na kano hiyo. Inasimuliwa kwamba alipoomba afanyiwe upasuaji alikataliwa, naye akaanza kuikaza kano kwa makusudi ili izidi kuharibika. Badala ya kuharibika, ikapona.

Mwaka wa 1998, yeye na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wakimbiaji 15. Zoezi lenyewe ni rahisi. Mtu husimama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisha hushusha kisigino taratibu hadi chini ya ukingo huo. Hufanya hivyo mara 15 kwa awamu tatu, goti likiwa limenyooka, na awamu tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, kwa wiki 12. Wote 15 walirejea kukimbia.

Kwa msomaji wa Kilifi, uzuri wa zoezi hili ni kwamba halihitaji mashine wala ada. Ngazi ya nyumba inatosha. Linalohitajika ni kutoliacha katika wiki ya tano, pale maumivu yanapopungua na uvivu kuanza kunong'ona. Hata hivyo, si kila maumivu ya kisigino ni ya kano, na ni vyema mtu apimwe kwanza na daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya kuanza.

Kushuka ndiko kuumiako

Wengi hudhani kwamba mlima humshinda mtu wakati wa kupanda. Kupanda huchosha pumzi, ni kweli, na hata washindi wa mbio ndefu hutembea kwenye miinuko mikali. Lakini kinachovunja miguu ni kuteremka. Wakati wa kushuka, misuli ya mbele ya mapaja hulazimika kukaza huku ikirefuka ili kuzuia mwili usiporomoke. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogo za misuli na kuyapa magoti mzigo mkubwa.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza. Mtu akishuka mteremko mara moja kwa kiasi, siku mbili zinazofuata atasikia uchungu, lakini atakaposhuka tena baada ya wiki moja au mbili uchungu utakuwa mdogo. Ndiyo maana anayetoka kwenye jeraha anapaswa kuanza kushuka kwa dozi ndogo, mapema kabla ya mashindano, badala ya kuusubiri mlima wenyewe umfundishe.

Hapa ndipo jiografia ya Kilifi inapokuwa na faida na hasara. Mchanga laini wa ufuo wa Bofa hupunguza kishindo, lakini huivuta kano ya kisigino kupita kiasi, kwa hiyo haumfai anayeuguza kano hiyo. Mchanga mgumu wakati wa maji kupwa ni bora zaidi, ila ufuo umeinama upande mmoja. Anayekimbia kuelekea upande mmoja tu huipa nyonga na goti la upande mmoja mzigo usio sawa. Maji ya bahari na ya hori la Kilifi yanafaa kwa kuogelea wakati mguu haujaruhusiwa kukimbia.

Kwa miinuko, mkimbiaji wa Pwani atalazimika kuondoka ufuoni. Barabara ya Mazeras kuelekea Kaloleni, vilima vya Rabai na Mlima Mwangea huko Ganze vinatosha kwa mazoezi ya awali ya kupanda na kushuka. Anayetaka miinuko mirefu zaidi anaweza kwenda kaunti jirani ya Taita Taveta, ambako kilele cha Vuria kina zaidi ya mita 2,200.

Hatua kwa hatua

Utaratibu ambao wataalamu wengi wa viungo huufuata unaweza kufupishwa hivi. Kwanza, mgonjwa aweze kutembea kwa kasi kwa dakika 30 hadi 45 bila maumivu. Pili, aweze kujiinua kwa vidole vya mguu mmoja mara 20 au zaidi, na mguu uliojeruhiwa ukaribie kulingana na mzima. Tatu, aanze kukimbia dakika moja na kutembea dakika moja au mbili, siku moja mazoezi na siku moja mapumziko. Nne, akimbie mfululizo kwenye ardhi tambarare. Tano, aongeze vilima vya kupanda. Sita, ndipo aongeze miteremko. Kasi huja mwisho kabisa.

Kipimo cha kila hatua ni asubuhi ya kesho yake. Maumivu madogo wakati wa mazoezi yanaweza kuvumiliwa iwapo yametulia kufikia asubuhi. Yakiwa yangalipo au yameongezeka, mkimbiaji anarudi hatua moja nyuma, bila mjadala. Kwa ufa wa mfupa kanuni ni kali zaidi: hapaswi kukimbia huku akisikia maumivu hata kidogo.

Aidha, kuna suala la hewa. Kileleni Kilimanjaro mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa Kilifi, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa kiwango hicho. Miguu iliyopona haimkingi mtu dhidi ya maradhi ya mwinuko. Ushauri wa kawaida kwa wapandaji ni kwamba, wakishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku.

Sindano na vidonge

Majaribu makubwa ya mtu aliyechoka kusubiri ni dawa za kutuliza maumivu. Vidonge kama ibuprofeni, vikimezwa huku mwili umekaukiwa maji katika mbio za saa nyingi, huongeza hatari ya kudhuru figo. Isitoshe, huondoa ile kengele ambayo mkimbiaji anayetoka kwenye jeraha anaihitaji sana.

Sindano za aina ya kotizoni nazo zina mtego wa kisheria. Tangu Januari 1, 2022, Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Duniani (WADA) limepiga marufuku matumizi ya dawa za kundi hilo kwa njia ya sindano wakati wa mashindano, hata kama zilidungwa gotini kwa nia ya tiba. Mwanariadha anayetibiwa kwa sindano hiyo anapaswa kumwuliza daktari wake itabaki mwilini kwa muda gani, na kuomba kibali cha matibabu kinapohitajika.

Waliosubiri na walioacha

Mifano ya waliorejea haikosekani. Kilian Jornet wa Uhispania alivunjika pia ya goti mwishoni mwa mwaka wa 2006, akiwa na umri wa miaka 19. Mnamo 2008 alishinda UTMB kwa muda usiofika saa 21, na mwaka wa 2010 alikuja Kilimanjaro, akapanda na kushuka kwa saa saba na dakika 14. Hapa nyumbani, David Rudisha aliumia goti mwaka wa 2013 na kukosa mashindano ya dunia ya Moscow. Alirudi akatwaa dhahabu ya dunia mwaka wa 2015 jijini Beijing, na ya Olimpiki mwaka wa 2016 jijini Rio.

Hata hivyo, mfano wenye manufaa zaidi huenda ukawa wa Mmarekani Courtney Dauwalter. Mnamo Juni 2019 alikuwa akiongoza wanawake katika Western States nyonga ilipomsumbua. Alikuwa amekwisha kukimbia zaidi ya kilomita 120, utepe hauko mbali. Aliacha. Miezi miwili baadaye alishinda UTMB upande wa wanawake.

Haijulikani angefika wapi kama angejikokota hadi mwisho siku ile. Lililo wazi ni kwamba aliyatazama mashindano ya Juni kama siku moja katika maisha marefu ya mchezo. Kijana wa Kilifi asiye na mdhamini wala bima ana sababu nyingi zaidi za kufikiri hivyo, kwani akiumia tena hakuna wa kumlipia matibabu. Wiki 12 za ngazini na asubuhi za kutembea huonekana ndefu kwa aliyezoea kukimbia, lakini ndizo gharama ndogo kuliko zote katika safari hii.