Mita Chache Kutoka Kitandani

Saa tisa usiku wodini. Taa zimepunguzwa, na kinachosikika ni feni na kikohozi cha mgonjwa wa kitanda cha mwisho. Mzee wa miaka sabini na kitu ameamka, mkojo umembana. Jioni alimeza dawa yake ya presha, ile inayomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, kisha akatundikiwa dripu. Kule mezani anamwona nesi akiandika, peke yake na wodi nzima mikononi mwake. "Nisimsumbue mtoto wa watu," anajiambia. Choo kiko pale tu. Anashusha miguu, anazipapasa ndala zake gizani, anainuka kwa mkupuo huku ameshika stendi ya dripu yenye magurudumu. Kichwa kinazunguka. Stendi inakimbia.

Kunapokucha, mtu aliyeletwa kutibiwa nimonia amevunjika nyonga.

Tukio kama hili linaweza kutokea katika hospitali yoyote duniani. Shirika la Afya Duniani linasema kuanguka ndilo tukio la madhara linalowapata wagonjwa hospitalini mara nyingi kuliko mengine: mara 3 hadi 5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kulala kitandani, na zaidi ya theluthi moja ya walioanguka huumia. Chukua hospitali yenye vitanda 100 vilivyojaa. Siku kumi tu zinatosha kufikisha hizo siku 1,000, kwa hiyo kwa mwaka mmoja wagonjwa wataanguka zaidi ya mara mia moja. Kwa mzee, nyonga iliyovunjika maana yake ni upasuaji, wiki nyingi za kulala, na mara nyingi kutorudi tena kwenye mwendo wake wa zamani.

Mtu anaweza kuuliza: aliyekuwa akitembea vizuri nyumbani anaangukaje hospitalini? Hakuna sababu hata moja inayotembea peke yake. Misuli ya mtu aliyelala siku kadhaa hupungua nguvu haraka, hasa akiwa mzee. Akiinuka ghafla, damu hushukia miguuni, presha huporomoka, na ubongo hukosa damu ya kutosha kwa sekunde chache. Dawa za usingizi, za maumivu makali na za presha huongeza kizunguzungu. Homa na maambukizi huweza kumchanganya mzee hata asijue yuko wapi. Ongeza sakafu iliyotoka kupigwa deki, ndala zilizolika soli, na kitanda kilicho juu kuliko cha nyumbani kwake.

Kwa miaka mingi hospitali zilijaribu kwanza kumtambua atakayeanguka. Mwaka 1989 mtafiti Janice Morse alichapisha kipimo ambacho bado kinatumika katika nchi nyingi. Nesi huangalia mambo sita: kama mgonjwa amewahi kuanguka, kama ana ugonjwa zaidi ya mmoja, anatembea kwa msaada gani, ana dripu au hana, mwendo wake ukoje, na kama anaujua uwezo wake mwenyewe. Kila jambo lina alama, na jumla ndiyo inayoonyesha hatari.

Lakini kumjua aliye hatarini hakumzuii kuanguka. Nchini Australia, hospitali sita zilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Katika nusu ya wodi 24 zilizochunguzwa, wauguzi walitumia mpango wenye mambo kama tangazo la tahadhari juu ya kitanda, vitanda vya chini, ving'ora vya kuwaita mgonjwa akiinuka, na kumsimamia mgonjwa akiwa chooni. Juhudi ilikuwa kubwa, lakini walioanguka hawakupungua. Hata vyuma vya pembeni mwa kitanda, ambavyo wengi huviona ndiyo kinga ya kwanza, vina hatari yake: mgonjwa aliyechanganyikiwa huvipanda, na akidondoka hudondoka kutoka juu zaidi.

Kwa nini basi tahadhari hizo hazitoshi? Jibu moja lilitoka Boston, Marekani. Muuguzi na mtafiti Patricia Dykes na wenzake waliona kwamba taarifa za hatari zilijaa kwenye faili, ilhali yule anayeinuka usiku hakuwa nazo, wala ndugu zake. Wakatengeneza bango la picha linalokaa kando ya kitanda. Nesi hulijaza pamoja na mgonjwa na familia yake: hiki ndicho kinachoweza kukuangusha wewe, na hivi ndivyo tutakavyofanya. Kama tatizo ni dripu, wanakubaliana aite msaada kabla ya kuinuka. Kama ni miguu dhaifu, picha inaonyesha mkongojo na mtu wa kumsindikiza.

Mpango huo ulijaribiwa katika wodi 14 za hospitali tatu za Boston na New York, kwa wagonjwa zaidi ya 37,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuanguka kumepungua kwa asilimia 15, na kuanguka kulikoleta majeraha kwa asilimia 34. Huko Australia pia, wagonjwa wazee wa wodi nane za kurudishia viungo nguvu walipoelimishwa mmoja mmoja na wafanyakazi wakapewa mafunzo, kuanguka kulipungua kwa takriban asilimia 40.

Jambo hili linatugusa kwa karibu. Katika wodi zetu nyingi hakuna kengele kando ya kitanda, na nesi mmoja anaweza kuwa na wagonjwa wengi kuliko anavyoweza kuwafikia. Pia tunaona haya kuomba msaada. Mzee wa heshima ataona vigumu kumwomba binti wa rika la mjukuu wake amsindikize chooni, na mama mtu mzima atajikaza mpaka ashindwe. Haya hiyo inampeleka gizani peke yake. Nesi anayepita kabla ya taa kuzimwa na kumwambia, "Mzee wangu, twende kwanza ndipo ulale," anamwondolea mzigo wa kuomba.

Ndugu wa mgonjwa nao wana nafasi kubwa, kwani ndio wanaoleta uji, wanaofua shuka na wanaomjua mtu wao. Ukimpeleka mzee hospitali, mfungie viatu vinavyoshika kisigino, ndala ziache nyumbani. Mwambie nesi kama aliwahi kuanguka mwaka huu na dawa zote anazomeza, za kienyeji zikiwemo. Mfundishe kukaa ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama. Miwani, maji, fimbo na chupa ya mkojo viwe mahali mkono wake unapofika. Na saa ya kutazama wagonjwa inapoisha, kabla hujamuaga, mpeleke chooni.