Gari kuukuu likizimika njiani: ada ndogo isikudanganye

Mfanyabiashara anayenunua nyanya Ilula, mkoani Iringa, na kuziuza Dar es Salaam anazijua bei mbili kwa moyo: bei ya tenga shambani na bei ya tenga sokoni. Kati ya bei hizo mbili kuna barabara ya zaidi ya kilometa 400, yenye mteremko wa Kitonga na hifadhi ya Mikumi. Faida yake yote imo katika barabara hiyo. Pikapu ikizimika saa nne usiku, nyanya hazisubiri fundi.

Wiki hii ukurasa huu unaziacha kando bei za mazao na kuangalia gharama moja ambayo wafanyabiashara wengi hawaiandiki katika daftari mpaka siku inapowafika, nayo ni gharama ya kuokolewa njiani. Hoja yetu ni moja. Mwenye gari kuukuu asichague huduma kwa kuangalia ada ya mwaka peke yake. Aangalie kwanza umbali atakaovutwa, namna gari lake litakavyobebwa, na masharti yanayohusu umri wa gari. Ada ndogo kuliko zote inaweza kumgharimu kuliko zote.

Magari yetu yana umri gani?

Tangu mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kutoka nje kwa fedha zao wenyewe, gari lililotumika limekuwa mtaji wa mfanyabiashara mdogo. Mengi ya magari hayo hutoka Japani, nayo huanza kazi hapa yakiwa tayari na umri. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Uganda, mwaka 2018, ilipiga marufuku uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania imetumia njia ya ushuru, ambapo gari lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake.

Gari lililoingia nchini likiwa na miaka 9, na likafanya kazi miaka 10 tu, tayari lina miaka 19. Kwa mwenye nalo bado ni gari zima. Kwa mwandishi wa mkataba wa huduma au wa bima, huenda ni gari lililokwisha kuvuka mstari. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia, kwa sababu mstari huo mara nyingi umeandikwa kwa herufi ndogo.

Njia tatu za kuokolewa

Njia ya kwanza ni uanachama. Unalipa ada ya mwaka, nawe ukikwama unapiga simu. Mpango huu si mgeni. Uingereza chama cha AA kilianzishwa mwaka 1905, na hapa jirani chama cha magari cha Kenya kilianza mwaka 1919. Msingi wake ni kwamba wengi wanachangia ili wachache waliokwama wasaidiwe. Lakini hata huko Uingereza kulitofautishwa mapema kati ya kutengenezewa gari pale lilipozimika na kupelekwa mwisho wa safari. Huduma ya AA ya kulibeba gari, dereva, abiria na mizigo yao hadi popote nchini ilianzishwa mwaka 1973, miaka 68 baada ya chama chenyewe. Msomaji akumbuke tofauti hiyo kila anapoonyeshwa karatasi ya uanachama.

Njia ya pili ni bima. Wengi wenye bima kubwa wanaamini kwamba kuvutwa kumo ndani yake. Kwa kawaida gharama ya kuvutwa inayolipwa na bima kubwa ni ile inayotokana na ajali, tena kwa kiwango kilichowekwa ukomo. Injini iliyochemka au giaboksi iliyokufa kwa uchakavu si ajali, na mikataba mingi huyataja mambo hayo waziwazi kuwa hayamo. Mwenye bima ndogo, ile ya kumlipa mtu wa tatu, asitegemee kitu hapa, kwani hiyo haikuwekwa kwa ajili ya gari lake. Ukiambiwa kuwa huduma ya kuvutwa inaongezwa juu ya bima kwa ada ndogo, uliza kama inahusu ubovu au ajali tu, na hakikisha kampuni imesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Njia ya tatu ni kulipa papo kwa papo. Hulipi chochote mpaka ukwame. Ubaya wake unajulikana: bei inapangwa wakati mmoja wenu yuko gizani kando ya barabara na mwingine ameketi ndani ya gari la kuvuta. Mapatano ya namna hiyo hayana soko huria.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Bei zifuatazo ni za kufanyia hesabu tu, si za kampuni yoyote. Msomaji aweke zake mahali pake.

Mpango wa kwanza unatoza Sh. 150,000/= kwa mwaka na kuvuta bure kilometa 30; kila kilometa inayozidi ni Sh. 4,000/=. Mpango wa pili unatoza Sh. 300,000/= kwa mwaka na kuvuta bure kilometa 150. Mvutaji wa papo kwa papo anatoza Sh. 100,000/= za kutoka, na Sh. 5,000/= kwa kila kilometa.

Gari likizimika mjini, kilometa 15 kutoka gereji, mara moja kwa mwaka, mwenye mpango wa kwanza atakuwa ametumia Sh. 150,000/=, mwenye mpango wa pili Sh. 300,000/=, na asiye na mpango Sh. 175,000/=. Kwa anayezunguka kati ya Kariakoo na Tegeta, basi, mpango wa bei kubwa ni hasara, na mpango mdogo unamwokolea Sh. 25,000/= tu.

Sasa gari hilohilo lizimike karibu na mji mdogo wa Mikumi, likahitaji kuvutwa kilometa 120 hadi Morogoro. Mwenye mpango wa kwanza analipia kilometa 90 zilizozidi, yaani Sh. 360,000/=. Ukijumlisha ada, ametumia Sh. 510,000/=. Mwenye mpango wa pili amebaki na Sh. 300,000/= zake zilezile. Asiye na mpango analipa Sh. 700,000/=. Likizimika hivyo mara mbili kwa mwaka, mwenye mpango wa kwanza anafikia Sh. 870,000/= na asiye na mpango Sh. 1,400,000/=. Wa pili bado yuko kwenye Sh. 300,000/=.

Kwa maneno mengine, swali la kwanza si gari lina umri gani bali linakwenda wapi. Chukua daftari lako la safari za mwaka uliopita. Hesabu ni siku ngapi gari lilikuwa zaidi ya kilometa 30 kutoka kwa fundi unayemwamini. Jibu hilo ndilo litakalokuambia ununue nini.

Mzigo haumo

Katika hesabu zote hizo hakuna senti moja ya nyanya. Ikiwa pikapu ilibeba matenga 40 yaliyonunuliwa kwa Sh. 30,000/= kila moja, mtaji wa Sh. 1,200,000/= uko juani. Nusu ikiharibika, hasara ni Sh. 600,000/=, kubwa kuliko gharama ya kuvutwa kwa kilometa za ziada. Huduma ya kuokoa gari huokoa gari. Mara nyingi mvutaji hatalibeba likiwa na shehena, kwa hiyo mzigo lazima ushushwe.

Kutokana na hayo, mfanyabiashara wa mazao anahitaji mipango miwili: mmoja wa gari na mwingine wa mzigo. Huu wa pili hauhitaji ada. Ni namba za simu za wenye pikapu au Canter wawili watatu katika kila mji wa njia yako, yaani Iringa, Mikumi, Morogoro na Chalinze, ambao umekwisha kupatana nao bei ya kuhamisha mzigo kabla ya shida. Fedha za kuwalipa ziwe zimetengwa kwenye simu, zisichanganywe na za kununulia mali.

Gari litabebwaje?

Magari mengi yaliyopona ubovu mdogo yameuawa na kamba. Giaboksi ya otomatiki hupata mafuta yake kwa pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayoendesha gari yanaburuzwa chini, vyuma ndani ya giaboksi vinazunguka bila mafuta ya kutosha. Kilometa chache za mwendo huo zinaweza kuzaa bili kubwa kuliko ubovu wa kwanza. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne nalo halifai kuinuliwa upande mmoja tu. Magari hayo yabebwe mazimamazima juu ya lori, au mtengenezaji wake afuatwe alivyoagiza.

Gari la giaboksi ya mkono linaweza kuvutwa, lakini dereva akumbuke kuwa injini ikiwa imezimwa breki huwa ngumu na usukani huwa mzito, kwa sababu vyote viwili husaidiwa na injini. Kulivuta gari la namna hiyo kwa mnyororo kwenye mteremko wa Kitonga, nyuma ya lori la mtu mliyekutana naye njiani, ni kuuza roho kwa bei ya dizeli.

Gari kuukuu lina jambo lake jingine, nalo ni kutu. Kabla ya kulipa ada yoyote, mwambie fundi alale chini ya gari aangalie ndoano za kuvutia na chesisi pale zinaposhikilia. Ndoano ikichomoka, mvutaji atasema gari lilikuwa bovu, na mkataba mara nyingi utamuunga mkono.

Ya kuuliza kabla ya kusaini

Msomaji asiridhike na maneno ya mdomo. Maswali yafuatayo yajibiwe ndani ya mkataba wenyewe:

1. Je, kuna ukomo wa umri wa gari, na umri unahesabiwa tangu mwaka lilipotengenezwa au tangu liliposajiliwa nchini? Kwa gari la mtumba tofauti inaweza kuwa miaka 9 au zaidi.

2. Kilometa za bure zinahesabiwa kutoka wapi? Kutoka gari lilipozimika, au kutoka ilipo karakana ya kampuni? Wakihesabu kwenda na kurudi, kilometa 150 zinageuka 75.

3. Gari linapelekwa kwa fundi unayemtaka wewe au kwa fundi wao?

4. Unaruhusiwa kuita mara ngapi kwa mwaka? Na je, ubovu uleule ukirudi, utahudumiwa tena?

5. Kampuni ina magari yake mwenyewe katika njia yako, au inapiga simu kwa mvutaji yeyote aliye karibu? Ikiwa ni ya pili, nani anawajibika gari likiharibiwa?

6. Gari la biashara linakubaliwa? Mikataba mingine ni ya magari binafsi tu, na pikapu yenye matenga haiwezi kujificha.

Kuna jaribio moja lisilo na gharama. Piga namba yao ya dharura usiku wa manane kabla ya kulipa ada. Asipopokea mtu, umeokoa fedha zako.

Lini usinunue kabisa?

Mwenye magari matatu au manne anaweza kufanya vizuri kwa kujiwekea akiba mwenyewe. Badala ya kulipia ada nne za Sh. 300,000/=, aweke Sh. 1,200,000/= katika akaunti ya pembeni na kupatana bei na mvutaji mmoja mapema, kwa maandishi. Mwaka ukipita salama, fedha ni zake. Mwenye gari moja asiige mfano huo, kwa sababu msiba mmoja utamaliza akiba kabla haijakua.

Pia kuna gari ambalo halihitaji uanachama bali fundi. Sababu nyingi za kukwama kwa gari kuukuu ni za kawaida na huonyesha dalili mapema: mipira ya rejeta iliyopasuka, mkanda wa feni uliolegea, betri iliyochoka, tairi zilizokwisha. Ukiita mara tatu ndani ya miezi sita, ada yako haikununulii usalama tena. Linganisha jumla ya matengenezo na uvutaji wa mwaka na bei ambayo dalali angekupa leo kwa gari hilo. Jumla ikikaribia nusu ya bei hiyo, wakati wa kuuza umefika, hata kama gari hilo ndilo lililokujengea nyumba.

Kwa anayeendelea nalo, utaratibu ni mfupi. Kwanza fundi, halafu daftari la safari, halafu mkataba, na mwisho ada. Wengi huanza na ada. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na barabarani ukuta hujengwa usiku, kwa bei ya mwenye matofali.